Printa ya 3D kwenye banda la fundi nguo, miezi 14 baadaye

Naanza na jibu kabisa manake najua wengine mtasoma mistari miwili mkimbie: haishoni nguo. Kama uliona video ya gauni linatoka kwenye mashine likiwa zima ukaanza kuwaza bei ya kuuzia cherehani yako, tulia kwanza. Ila kama wewe ni fundi na kila wiki unahangaika na vifungo, mapambo, zile pete za kufungia mikanda, vitu ambavyo Kariakoo vimejaa lakini hakuna kile unachokitaka wewe, basi nunua tu, pesa yako itarudi.

Mi nashona nguo za kike, nipo Sinza, zaidi magauni ya sendofu na sare za kamati. Cherehani tatu, overloku moja, na dogo mmoja anayejifunza kazi. Printa yenyewe ni ya Kichina ya kuweka mezani, ile aina inayoyeyusha waya wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, jina la kampuni siliweki manake nitakayosema yanahusu karibu zote za aina hii. Kitanda chake, yani pale inapoprintia, ni sentimita 22 kwa 22. Hiyo namba ishike, itakuja kukuuma huko mbele. Mpaka imenifikia mlangoni, usafiri na ushuru humohumo, ilinitoka laki tisa na ushee.

Sasa ilikuaje fundi cherehani nikaingia huko. Alikuja mteja na picha kwenye simu, "Dada, mi nataka kola kama hii hapa," kuangalia ni Malkia Ramonda wa Black Panther, ile filamu ya 2018, kile kitambaa cha mabegani kilichosimama kama lesi iliyopigwa wanga na ile kofia kubwa ya duara. Nikamwambia dada hiyo siyo lesi, lesi haisimami hivyo hata uipige wanga wa kilo nzima. Akaniambia basi tafuta inaitwaje. Usiku nikakaa na simu mpaka saa nane. Kumbe Ruth E. Carter, yule mbunifu wa mavazi aliyechukua Oscar ya 2019 kwa kazi hiyohiyo, alitoa wazo kwenye isicholo, kofia za wanawake wa Kizulu walioolewa, akashirikiana na Julia Koerner, mbunifu wa Austria, ndo akaichora kwenye kompyuta na Materialise ya Ubelgiji wakaiprinti. Yani kofia ya bibi zetu wa kusini imepita kompyuta ya Mzungu, ikapita kiwanda cha Ubelgiji, ikavaliwa Marekani, ndo inanifikia mi Sinza kama oda. Sikujua nicheke au nifanyeje.

Nikaagiza mashine. Ujinga wangu wa kwanza ulikuwa kudhani printa ni printa. Wale hawatumii waya kama wangu, wanatumia unga wa nailoni, unatandazwa mwembamba halafu leza inayeyusha sehemu zinazotakiwa tu zishikane, tabaka baada ya tabaka, na ule unga ambao haujayeyushwa ndo unaishikilia kazi isidondoke mpaka mwisho wakaupangusa. Ndo maana wanaweza kutoa lesi inayoelea hewani, minyororo iliyokwishaungana, mabawaba yanayocheza, vyote kwa mara moja. Ya kwangu kila kitu kinachoning'inia lazima kiwekewe nguzo za plastiki chini yake, halafu uzitoe kwa koleo, na kila unapotoa panabaki kovu. Kile kola nilikikata vipande sita kwenye kompyuta ili kienee kwenye kile kitanda cha 22, nikaviunga kwa uzi wa nailoni ule wa kuvulia samaki, siku nne mashine inalia usiku na mchana. Kwa mbali kilipendeza sana, ukumbini watu walipiga vigelegele, kwa karibu mi nilikuwa naona viungo vyote sita. Mteja alilipa na kuongeza na soda. Ila mi nilijua.

Haya tuje kwenye kitu kilichonifanya nisiiuze, neti. Hapa mafundi someni vizuri.

Kuna plastiki aina mbili utakazokutana nazo sana. Ya kwanza PLA, ngumu, rahisi kuprinti, rangi zote. Ya pili TPU, hiyo inavutika kama soli ya ndala, ndo ya nguo. Unachofanya ni hivi: unachora ua lako, au majani, au magamba ya samaki, unaiambia mashine ikimaliza tabaka la pili isimame. Inasimama. Unachukua neti, unaitandaza juu ya yale maua yaliyoanza, unaivuta ikaze kama ngozi ya ngoma, unaibana kingo zote kwa vibanio vya makaratasi vile vyeusi vya stationari, halafu unairuhusu iendelee. Plastiki ya moto inapita kwenye matundu ya neti inakutana na mwenzake chini, zinashikana, neti imebaki katikati kama nyama kwenye sambusa. Ukiibandua pale una kitambaa, siyo plastiki, kitambaa chenye maua yaliyosimama ambayo hayajashonwa wala kugundishwa, unakikata, unakishona kwa cherehani ya kawaida, kinalala kwenye mwili. Mara ya kwanza nilipokibandua kile kipande nilimwita dogo, dogo akamwita jirani wa saluni, tukawa tunakikunja na kukivuta kama watoto.

Shanga na stoni za kugundisha kwa gundi zinadondoka, wote tunajua, mteja akicheza kidogo tu ukumbi mzima unafagiwa. Hizi hazidondoki. Gauni moja nimelifua mwenyewe kwa mkono mara saba nikilijaribu, hakuna ua lililong'oka.

Lakini ukubali na mateso yake. Neti ikilegea sehemu ndogo tu, ile nozeli, yani kile kimdomo kinachotoa plastiki ya moto, inainasa, inaizungusha, unarudi unakuta kiota cha ndege. Neti laini ile ya bei ya chini inaungua, manake TPU inatoka kwenye nozeli na joto la kama nyuzi 225, tafuta neti ngumu ya polista na ujaribu kwenye kipande kwanza. Na kitanda cha 22 ndo hapo kinaanza kukuuma: gauni la mermaidi lina mita za kutosha za neti, wewe unaprinti kipande cha sentimita 22, unafungua vibanio, unasogeza, unabana tena, na ua la kipande cha pili likikosea kukaa mstari mmoja na la kwanza, jicho la mama wa bibi harusi litaliona kabla hajakaa.

Alafu unyevu. Hili hakuna aliyeniambia. TPU inanyonya maji ya hewani, na sisi Dar hewa yetu ni maji matupu hasa masika. Nilifungua roli jipya, siku tatu vizuri, ya nne ikaanza kutoa sauti pwa-pwa-pwa kama mahindi ya bisi, maua yakawa na ndevu, nyuzi nyuzi kila mahali. Nikadhani mashine imekufa. Kumbe ni maji yanachemka ndani ya plastiki. Sasa roli zote nazikausha kwa joto la nyuzi 50 hivi saa sita mpaka nane kabla ya kazi, na zikikaa zinakaa kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kukaza pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mtaa mzima unaniletea vile vipakiti. Mchele nilijaribu, usijisumbue, uliishia kupikwa.

Aibu yangu kubwa nitaisema pia ili isikukute. Nilitengeneza pete za mikanda kumi na mbili za sare ya wasimamizi, PLA, rangi ya dhahabu, nilizipiga msasa zikang'aa vizuri sana. Dada mmoja akaweka gauni lake kwenye gari kioo cha nyuma, gari likapaki juani tangu saa nne. Saa nane akanipigia. "Fundi, ile kitu imelala." Imelalaje? "We njoo uone." PLA ikifika nyuzi 60 inaanza kulegea na gari lililopaki juani Dar linafika huko bila shida. Ile pete ilikuwa imejikunja kama ulimi wa ng'ombe. Nikaishia kufunga kwa pini na ua la kitambaa juu yake, Mungu saidia. Tangu siku hiyo kitu chochote cha kuvaliwa sikifanyi kwa PLA, na kila gauni lenye mapambo naliwekea karatasi ya maelekezo: pasi ipite ndani tu, kwa kitambaa juu, au isipite kabisa. Akina mama wenye pasi ya mkaa nawaambia kwa mdomo na kwa maandishi.

Sasa swali ninaloulizwa kila mtu akiingia bandani, kwamba si useme tu iprinti gauni zima. Nimewaona waliofanya. Danit Peleg, binti wa Israel, mwaka 2015 akimaliza chuo cha Shenkar alitengeneza mavazi matano kwa printa za mezani za nyumbani, tena kwa waya laini wa Filaflex, ilimla zaidi ya saa 2,000. Ukigawa hiyo ni zaidi ya siku 80 mashine haizimwi. 2017 akaanza kuuza jaketi mtandaoni, ulikuwa unaingiza vipimo vyako, unachagua rangi na neno la mgongoni, dola 1,500, na moja ilikuwa inachukua kama saa 100. Namheshimu sana yule dada na sitanii, manake alithibitisha kwamba fundi mmoja ndani ya chumba anaweza kutoa nguo bila kiwanda. Ila tuongee kama mafundi: saa 100 ni siku nne na saa nne. Mi jaketi lenye bitana na mifuko minne nalitoa kwa siku mbili na bado nimekula, nimelala na nimegombana na wateja. Na jaketi langu linapumua. Nilijishonea kitopu cha TPU yote, hakina kitambaa, nikakivaa bandani saa saba mchana mwezi wa pili. Dakika ishirini. Ukitaka kujua kuku anajisikiaje ndani ya mfuko wa nailoni, kivae.

Wakubwa wenyewe ukiwaangalia vizuri hawaprinti nguo nzima kila siku. Iris van Herpen, Mholanzi, ndo alipandisha nguo ya kuprinti jukwaani Amsterdam mwaka 2010, na mpaka leo kazi zake nyingi ni mikono ya watu, sindano, vitambaa, na printa inaingia pale inapohitajika. Gauni jingine, la wabunifu wengine, alilovaa msanii Dita Von Teese 2013 kule New York lilikuwa vipande 17 vya nailoni vikaunganishwa, halafu mtu akakaa akabandika vito zaidi ya elfu kumi kwa mkono. Kwa mkono! Hapo ndo nikajua shughuli ni ileile tu, mwishoni kuna binadamu na kidole kinachouma.

Moja tu ndo linanitoa mate kweli. Mwaka 2014 kampuni ya Nervous System ya Marekani ilitengeneza gauni la pembetatu 2,279 zilizoungwa na bawaba 3,316. Ujanja wao haukuwa kwenye printa, ulikuwa kwenye kulikunja: kompyuta ilichukua lile gauni, ikalikunja kwanza likawa furushi dogo la kuenea kwenye mashine, likaprintiwa limekunjwa hivyohivyo, likatolewa kwenye unga, likapanguswa, likafunguka likawa gauni. Hakuna mshono. Makumbusho ya MoMA New York yakalichukua. Mi kila nikibana neti kipande kwa kipande nalikumbuka lile gauni natamani kulia, ndo dawa ya ugonjwa wangu wa 22, lakini inataka mashine ya unga wa nailoni na ile ni bei ya nyumba.

Turudi duniani. Pesa yangu haijarudi kwa magauni, imerudi kwa vifungo.

Ukitaka kifungo chako cha muundo wako kwa njia ya kawaida, kiwandani watakutengenezea kalibu na watakwambia chukua elfu kadhaa ndo tuongee. Mi nataka kumi na nne. Nachora kwenye Tinkercad, programu ya mtandaoni ya kuchorea, ni bure na mtoto wa sekondari anaiweza, naweka arobaini kwenye kitanda, kama saa nne vimetoka. Kifungo kimoja ni kama gramu moja, na TPU kilo naipata kwa elfu 85 hivi, piga mwenyewe. Umeme siyo wa kutisha, kazi ya saa kumi haijawahi kunimalizia hata uniti mbili za luku. Nina kifungo chenye ua la mlango wa Zanzibar, kile cha makoti ya kike kinanunuliwa na mafundi wenzangu mpaka wa Mbagala. Tahadhari ya kiufundi: usiache ukingo wa tundu ukiwa mkali, unakata uzi, nilirudishiwa blauzi tatu vifungo vimedondoka vyenyewe mpaka nikaelewa. Zungushia ukingo uwe wa mviringo, basi.

Wiki iliyopita amekuja mama mtu mzima na koti la sufu la marehemu mumewe, amelichukua anataka livaliwe na mjukuu, kifungo kimoja hakipo, kile cha zamani chenye mduara ndani ya mduara. Nilipima kimoja kwa rula ya vernia, nikachora, nikaprinti mara tatu mpaka rangi ikakubali, nikashona cha pili kutoka juu. Akakitafuta muda mrefu.

"Kipi sasa ulichobadilisha, mwanangu?"

"Kitafute mama."

"Aah, we nenda, hujabadilisha chochote hapa."

Alilipa elfu tano kwa kifungo kimoja na hakulalamika. Naomba mtu aniambie cherehani gani inafanya hiyo biashara.

Niliyojaribu yakagoma: mihuri ya batiki. Niliona nitakuwa tajiri, nachora ua, naprinti muhuri, nachovya kwenye nta ya moto, nagonga kwenye kitambaa. Muhuri wa kwanza PLA, kugonga mara ya tatu tu umepinda kama ndizi, unakumbuka ile nyuzi 60, nta ya kuyeyuka ni moto kuliko hapo. TPU ikahimili zaidi kidogo ila inabonyea, mistari inatoka minene. Wenye batiki baki na mihuri yenu ya mbao na sponji. Kwa rangi ya baridi ya kugonga moja kwa moja kwenye pamba lakini inafanya vizuri kabisa.

Kwenye viatu wenzetu wameenda mbali zaidi, soli za adidas 4D za mwaka 2017 zinatengenezwa kwa majimaji yanayogandishwa na mwanga, zina vishimo kama sega la nyuki, hiyo siyo ya kwangu na wewe. Iliyonigusa ni ya hapa jirani, Roy Ombatti wa Nairobi, kabla hajaanzisha kampuni ya AB3D ya kutengeneza printa kwa vyuma na vifaa chakavu, wazo lake lilikuwa viatu vya kuprinti kwa watu ambao miguu imeharibiwa na funza. Mguu ulioharibika hauna saizi dukani. Hapo printa haina mshindani, manake kila mguu ni wa peke yake, na ndo kanuni ileile ya koti la yule mama.

Wanaosema haina mabaki wasikudanganye. Ni kweli kitambaa nikikata gauni nabaki na gunia la vipande, lakini vile vinakwenda kujaza mito. Nguzo zilizokatwa, maua yaliyoharibika, viota vya ndege, mi nina ndoo mbili zimejaa na sina wa kumpa.

Marksi: mapambo ya neti tisa kwa kumi ukiwa na uvumilivu. Vifungo kumi. Mikanda saba ukiachana na PLA. Nguo nzima mbili, na hizo mbili ni za kupigia picha. Kujifunza kulinichukua kama miezi miwili ya kuharibu, na usinunue roli la bei poa lisilo na jina, nozeli iliziba mara mbili wiki moja na kuizibua ni sindano, moto na matusi. Nunua na kile kifaa kidogo cha kulinda umeme usirukeruke, na hakikisha mashine yako ina uwezo wa kuendelea ilipoishia umeme ukirudi, ya kwangu inao lakini kitanda kikipoa ua linabanduka, kwa hiyo usitegemee asilimia mia.

Sasa hivi hapa kuna vifungo 36 vinatoka, vya mteja wa Tabata anakuja saa kumi na moja, zimebaki dakika hamsini na luku inasoma uniti tatu. Dogo ameenda kununua.